Samatta Wetu, Wanyama Wao

Jumapili ya Machi 1, 2020, saa moja na nusu usiku kwa saa za kwetu, fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza ilianza Wembley. Hadi nusu saa inatimia, Manchester City walishaitangulia Aston Villa kwa mabao 2–0. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi akamwaga krosi, Mbwana Samatta akajitupa, akaupiga mpira kichwa, nyavu zikatikisika. Villa walilala 2–1. Kwa Watanzania, Villa kukosa kombe halikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa kijana wa Mbagala kufunga Wembley.

Kwenye vibanda umiza vya Ufipa, kuanzia Kate hadi Sumbawanga mjini, watu hukaa kwenye mabenchi wamebanana, macho kwenye runinga moja, na klabu za Uingereza zina wenyewe humo. Villa hawakuwahi kuwa wa mtu yeyote. Samatta aliposajiliwa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza, ghafla Villa wakawa “sisi”.

Neno hilo ndilo la kuangalia. Samatta alishatwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani humu, mapema 2016 akiwa TP Mazembe, na msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 kwenye ligi ya Ubelgiji akiwa na Genk. Redio na magazeti humwita “balozi wetu” na “mpeperusha bendera”. Mabao yakikauka, uwingi unakauka pia: anabaki Samatta peke yake, na “ameshindwa” ni kitenzi cha mtu mmoja. Villa alikaa nusu msimu tu, akafunga bao moja la ligi, kisha Septemba akaenda Fenerbahçe.

Mikoani picha hii ya “sisi” ina upande wake. Jina Sumbawanga hufasiriwa “tupa uchawi” kwa Kifipa, na watani wa mpira hawajawahi kuliacha lipumzike. Oktoba 2020 Simba, mabingwa watetezi, walifungwa 1–0 na Tanzania Prisons kwenye Uwanja wa Nelson Mandela mjini humo, bao la Samson Mbangula. Timu kubwa ikiteleza huko, utani wa radi na tunguri hauchelewi. Wafipa wengi hucheka nao, lakini mshambuliaji aliyefunga anapoteza sifa yake kwa mganga asiyekuwepo. Taifa linapochorwa kwenye kurasa za michezo, wengine huchorwa nyota, wengine kichekesho.

Na nani hasa ni “wetu”? Kibu Denis, mwenye asili ya Kongo, alipewa uraia wa Tanzania mwaka 2021 na akavaa jezi ya Taifa Stars. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, yaani Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara wa Guinea, walipopewa uraia, mjadala uliwaka. Watu ambao juma moja nyuma walibishana kuhusu penalti sasa walibishana kuhusu vifungu vya sheria ya uraia.

Wakati mwingine mapenzi huvuka mpaka, na huko ndiko mambo hunoga. Juni 2017 Victor Wanyama, Mkenya aliyekuwa Tottenham, alikuja Dar es Salaam mapumzikoni. Meya wa Ubungo, Boniface Jacob, akaupa mtaa mmoja jina lake, kibao kikasimikwa, picha zikasambaa. Kelele zikafuata: kwa nini Mkenya, wakati wetu wapo? Kibao kikang'olewa upesi.

Miaka miwili baadaye, Juni 27, 2019, Taifa Stars walikuwa Cairo kwenye AFCON yao ya kwanza tangu 1980. Waliongoza mara mbili, bao la pili likiwa la Samatta. Kenya ilishinda 3–2, na nahodha wake alikuwa Wanyama.