Kabla ya Kusema Redio Imekufa

Redio ndogo ya kadi, ile yenye spika moja, betri ya kuchaji na tundu la fleshi, inaposhindwa kupiga muziki, hukumu hutoka upesi: imekufa. Katika senta kama Mubi, huko Walikale, mashariki mwa Kongo, hukumu hiyo ina gharama, na mara nyingi si ya haki. Chipu inayosoma nyimbo haina kinachosogea ndani yake, kwa hiyo haichakai haraka. Kinachochakaa ni kile kinachoguswa kila siku, yaani betri, swichi, matundu na nyaya. Na unyevu wa msitu nao hula kila chuma kilicho wazi. Anayeanzia hapo huweza kuipata hitilafu kabla hajashika bisibisi.

Umeme kwanza. Redio nyingi za namna hii hutumia betri bapa ya lithiamu ya volti 3.7, kama ile ya simu ndogo za Nokia. Ikikaa tupu miezi mingi, volti zake hushuka mno hata chaja ikaikataa. Azima betri nzima ya aina hiyohiyo, ujue kama ugonjwa ni wake. Tazama pia vile vidole vya chuma vinavyoigusa: vikiwa na ukungu wa kijani, visugue kwa pamba yenye spiriti, na vikiwa vimelala, viinue kidogo. Betri iliyovimba usiichaji wala kuitoboa, kwani inaweza kuwaka moto.

Hitilafu inayowadanganya wengi ni ile ya taa kuwaka, namba za wimbo zikienda, na spika kimya. Watu huilaumu spika. Lakini ndani ya tundu la hedifoni mna kibamba chembamba cha chuma: ukichomeka hedifoni, kibamba husukumwa pembeni na njia ya spika hukatika; ukichomoa, kinatakiwa kurudi mahali pake. Vumbi au kutu ikikizuia, sauti inaendelea kupelekwa kwenye hedifoni isiyokuwepo. Zima redio, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, kisha washa usikilize. Kadi nayo ina hila zake. Kadi za gigabaiti 64 na zaidi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, ambao redio nyingi za bei nafuu haziusomi. Ya 32 au pungufu, yenye FAT32, husomeka. Na wimbo usio wa MP3 unaweza kurukwa bila neno, ingawa kwenye simu unapigwa vizuri.

Wapo watakaosema redio mpya ni rahisi kuliko usumbufu huu. Bei ya Goma, hata hivyo, si bei ya Mubi, baada ya mzigo kupita barabara zilizoharibika na vizuizi vyake. Tena, kama kosa lilikuwa la kadi au waya wa chaja, redio mpya nayo itanyamaza vilevile. Wengine wataonya kwamba asiye fundi ataharibu zaidi. Nakubaliana nao, ndiyo maana hakuna hatua niliyoitaja inayopita kifuniko cha betri.

Kazi ya fundi huanza pale redio inapochaji tu ukiupinda waya, hata baada ya kubadili waya wenyewe. Hapo, kwa kawaida, lehemu inayoshika tundu la chaja imepasuka, na tiba yake ni kuiyeyusha upya na kuongeza tone dogo. Lehemu hiyo kwa sehemu kubwa ni bati, na bati hutoka kwenye kasiteriti, jiwe lilelile ambalo wapagazi wa mgodi wa Bisie walilibeba mgongoni kupitia msituni hadi Njingala, si mbali na Mubi. Inauma kuona watu waliotoa jasho hilo wakitupa redio nzima kwa kukosa tone moja. Ukienda kwa fundi, beba pia kadi na waya unaotumia, umweleze ulichokwisha kujaribu, ili ajue pa kuanzia.