Miti ya Mpakani

Leo tutazungumza juu ya miti iliyopandwa karibu na mpaka wa jirani.

Tutazame Kilimanjaro, ambako vihamba vya migomba na kahawa vimebanana. Mtu akipanda mkaratusi hatua mbili tu kutoka mpakani, mwaka wa kwanza hakuna neno. Lakini mti hukua, na mizizi haijui mpaka. Mkaratusi hunywa maji mengi, na migomba ya jirani hudhoofu. Kivuli kikizidi, mahindi hayapati jua. Mwenye mti hupata mbao, jirani hupata hasara. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Basi, ukitaka kupanda, kwanza mwite jirani yako, mtazame mpaka pamoja. Wachaga hupanda masale kuwa alama ya mpaka. Waite na wazee wanaoujua, wawe mashahidi. Pili, miti mirefu ipande ndani, mbali na mpaka, ili hasara ya kivuli na mizizi iwe yako mwenyewe.

Je, kama mti wa jirani umekwisha kuwa mkubwa, nao unakudhuru? Usichukue shoka usiku. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai. Wewe uliyeonewa utageuka mshtakiwa. Nenda kwake mchana, mwonyeshe migomba iliyodhoofu. Mwombe apunguze matawi, au auvune mti na kupanda mwingine mbali zaidi.

Msiposikilizana, peleka shauri kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, baraza hilo lina watu 7, na wanawake wasipungue 3. Kazi yake ni kupatanisha, si kumfunga mtu. Likishindwa, liko Baraza la Kata, nalo hupatanisha. Mkikosa kupatana hapo pia, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litaamua.

Lakini kumbuka, ndugu: kesi hula nauli na siku za kulima. Wachaga hao hao humpelekea mtu jani la isale wanapomwomba radhi. Mmea unaotenga mashamba ndio unaopatanisha watu.

Maswali

1. Kwa nini migomba ya jirani hudhoofu?
2. Utamwita nani kabla ya kupanda mti?
3. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu wangapi?