Tone la Damu Ndani ya Kifaa Kidogo: Mambo Anayopaswa Kuyafahamu Mtumiaji

Vipimo ambavyo zamani vilihitaji mrija mzima wa damu na maabara kubwa, leo baadhi yake hufanyika kwa tone moja la damu ya kidole, ndani ya kibao cha plastiki kinachoenea kiganjani. Urahisi huo ni neema kwa mgonjwa aliye mbali na hospitali. Hata hivyo, kabla kibao hicho hakijatoa jibu, aghalabu hulazimika kufanya kazi moja ngumu isiyoonekana kwa macho: kutenga plazma na chembe za damu. Kazi hiyo ikiharibika, jibu nalo huharibika, ingawa kwa nje kila kitu huonekana sawa. Makala haya yanaeleza kazi hiyo na namna mtumiaji anavyoweza kujilinda.

Kwa nini plazma hutengwa

Takriban asilimia 55 ya damu ni majimaji ya manjano hafifu yaitwayo plazma. Sehemu iliyobaki karibu yote ni chembe nyekundu. Mafuta, homoni, madini na protini nyingi ambazo daktari hutaka kuzipima hupatikana katika plazma. Chembe nyekundu zikichanganyika nayo, rangi yake huzuia mwanga ambao mashine nyingi huutumia kusoma kipimo.

Chembe hizo zikipasuka, madhara huwa makubwa zaidi. Kwa mfano, kiasi cha potasiamu kilichomo ndani ya chembe nyekundu ni zaidi ya mara 20 ya kile kilichomo katika plazma. Sehemu ndogo tu ya chembe ikipasuka, mgonjwa mwenye potasiamu ya kawaida huonekana kuwa na kiwango cha kuhatarisha moyo, na huenda akapewa matibabu asiyoyahitaji. Kinyume chake, mgonjwa ambaye potasiamu yake imeshuka kweli huweza kuonekana kuwa yu salama.

Si kila kipimo huhitaji plazma. Vimelea vya malaria huishi ndani ya chembe nyekundu, na kwa sababu hiyo kimiminika cha kipimo cha haraka cha malaria huzipasua chembe hizo kwa makusudi. Kila kifaa kina sampuli yake, nayo huandikwa katika maelezo ya mtengenezaji.

Namna kifaa kinavyotenga plazma

Katika maabara, mrija wa damu huzungushwa kwa kasi kubwa kwa dakika kadhaa, chembe zikatuama chini na plazma ikabaki juu. Tone la kidole, ambalo mara nyingi ni la mikrolita 20 hadi 50, haliwezi kushughulikiwa kwa namna hiyo. Wabunifu wa vifaa vidogo hutumia zaidi njia tatu.

Njia ya kwanza ni chujio, yaani utando wenye vitundu vidogo mno. Chembe nyekundu ina kipenyo cha mikromita 8 hivi, lakini ni laini na hujikunja, hivyo hupenya hata katika kitundu kidogo kuliko kipenyo chake. Vitundu vikiwa vikubwa, chembe hupita. Vikiwa vidogo kupita kiasi, huziba. Na damu ikivutwa kwa nguvu, chembe hupasuka.

Njia ya pili ni mifereji myembamba kama unywele. Damu inapotiririka humo, chembe huelekea katikati na kuacha tabaka la plazma kando ya kuta. Mfereji ukigawanyika, tawi lenye mkondo wa kasi huchukua chembe nyingi, na tawi la mkondo wa polepole hupata plazma.

Njia ya tatu ni kisahani chenye mifereji, ambacho mashine ndogo hukizungusha hadi chembe zisukumwe pembeni.

Njia zote hizi hukabiliwa na tatizo moja: damu za watu hazilingani. Chembe nyekundu huweza kufikia nusu ya damu ya mwanamume mzima mwenye afya, na huzidi hapo kwa baadhi ya watoto wachanga, ilhali mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu huwa na chini ya robo. Kifaa kilichobuniwa kwa damu ya kawaida huweza kuziba kikipewa damu nzito. Ndiyo maana maelezo ya kifaa hutaja mipaka ya wingi wa chembe ambayo kifaa hicho kinaimudu.

Onyo kutoka Marekani

Ugumu huu haufutwi na matangazo. Mwaka 2003 Elizabeth Holmes alianzisha nchini Marekani kampuni ya Theranos, iliyodai kuwa inaweza kufanya vipimo vingi kwa matone machache ya damu ya kidole. Madai hayo hayakuthibitika. Mwaka 2016 kampuni ilibatilisha majibu ya miaka miwili yaliyotolewa na mashine zake, baada ya wagonjwa kuwa wameyategemea. Januari 2022 mahakama ilimtia Holmes hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Funzo kwa mtumiaji ni kwamba ahadi ya tone moja haina budi kuambatana na ushahidi uliokaguliwa.

Mambo ya kuzingatia

1. Uliza iwapo kifaa kimesajiliwa, na iwapo kimeruhusiwa kutumia damu ya kidole au plazma pekee.

2. Hakikisha muda wa matumizi haujapita na mfuko umefunguliwa wakati wa kupima, kwa kuwa unyevu huharibu kemikali za kipimo.

3. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu na uikaushe. Damu ikigoma kutoka, usikubali kidole kikamuliwe kwa nguvu. Kukamua hupasua chembe na kuchanganya damu na majimaji ya mwilini. Afadhali kidole kingine kichomwe.

4. Tone lijaze hadi alama iliyowekwa. Damu isiongezwe baadaye ili kufidia upungufu.

5. Mstari wa uhakiki usipotokea, kipimo ni batili, hata kama mstari mwingine umetokea.

6. Mjulishe mpimaji ikiwa una upungufu wa damu, au ikiwa anayepimwa ni mtoto mchanga.

7. Jibu lisipoafikiana na hali yako, omba kipimo cha damu ya mshipa katika maabara. Usianze wala kuacha dawa kwa sababu ya jibu moja la kidole.

Ukishuku kuwa kifaa kina kasoro, kihifadhi pamoja na mfuko wake wenye namba ya toleo, kisha toa taarifa kwa Mamlaka. Taarifa yako moja huweza kumwepusha mgonjwa mwingine na jibu la uongo.