Mchana Hauwekwi Akiba



Jumamosi iliyopita nilikuwa kwetu Bulyaga, mjini Tukuyu, nikisikiliza mpira wa Uingereza redioni pamoja na vijana wa sekondari. Mmoja akaniuliza: "Mzee, mbona mechi hizi miezi mingine zinaanza saa 12 jioni, na miezi mingine saa 11? Waingereza hawana ratiba?"

Ratiba wanayo. Kwao ni saa 9 alasiri mwaka mzima. Kinachobadilika ni mishale. Jumapili ya mwisho ya Machi huisogeza mbele kwa saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha. Sisi hatuigusi yetu. Basi tofauti yetu nao, ambayo ni saa tatu wakati wa baridi yao, huwa saa mbili wakati wa joto.

Sababu ni kwamba London iko mbali na Ikweta. Desemba mchana wao haufiki saa nane. Juni unapita saa kumi na sita, na jua huchomoza watu wangali usingizini. Mwaka 1907 mjenzi mmoja Mwingereza, William Willett, alisema mwanga huo unapotea bure. Watu wakiamshwa mapema, wataufaidi jioni. Hakusikilizwa. Alifariki mwaka 1915. Mwaka 1916, katikati ya vita, Ujerumani ikaanza na Uingereza ikafuata, ili kubana matumizi ya makaa ya mawe.

Kwetu Rungwe, mchana mrefu kuliko yote humzidi ule mfupi kwa saa moja na dakika chache tu. Tukisogeza mishale tutaokoa nini?

Hapo binti mmoja akanikatiza: "Lakini Mzee, mwezi Juni tunakwenda shule gizani, na ukungu umetanda. Ng'ambo ya Mto Songwe, huko Malawi, saa 12 asubuhi yao kumekucha. Saa 12 yetu bado ni usiku."

Alisema kweli. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya 45 mashariki, ambayo kwa usawa wetu iko ndani ya Bahari ya Hindi. Tukuyu iko karibu na longitudo ya 34. Ndiyo maana Juni jua linatutokea karibu saa 1 asubuhi. Wamalawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Jua ni lilelile.

Je, tuirudishe nyuma saa ya nchi nzima? Basi Dar es Salaam mwezi Juni jua litazama kabla ya saa 11 na nusu jioni. Tutakuwa tumemwashia taa mmoja kwa kumzimia mwenzake.

Nilimwambia binti yule: saa ni mapatano ya watu, na kengele ya shule ni mapatano vilevile. Kengele ni nyepesi kusogeza. Wazazi, walimu na viongozi wa elimu wa sehemu kama zetu wakae wazungumze, miezi ya baridi masomo yaanze baadaye kidogo. Mchana hauwekwi akiba, ndugu msikilizaji. Akiba yetu ni mtoto anayefika shuleni salama.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.