Bwawa jipya: Usifuate vifaranga kabla maji hayajawa tayari

MTU akimaliza kuchimba bwawa la samaki huwa na haraka. Fedha zimetoka, vibarua wamelipwa, majirani wanauliza kitoweo kitapatikana lini. Maji yakijaa leo, kesho anapanda basi kufuata vifaranga.

Nami nilifanya hivyo katika bwawa langu la kwanza. Maji yalikuwa maangavu, unaona hadi chini, nikadhani huo ndio uzuri wake. Sikuweka chokaa, na vifaranga niliwamimina moja kwa moja kutoka kwenye mfuko. Siku ya nne nilikuwa nikiwaokota wakielea. Aliyeniuzia hakuwa na kosa. Nilinunua mifugo kabla ya kuandaa zizi na malisho.

Tupige hesabu. Bwawa la mita 20 kwa 10 lina mita za mraba 200. Kwa anayeanza, sato au perege 2 kwa kila mita ya mraba wanatosha, yaani vifaranga 400. Tuseme kila kimoja ni sh. 200, umetoa sh. 80,000. Wakibaki 160 tu, kila aliye hai amekugharimu sh. 500 kabla hujamrushia hata pumba. Subira ya wiki tatu au nne ni nafuu kuliko hasara hiyo.

Kazi ya kwanza ni chokaa. Udongo wenye tindikali huzuia mbolea kufanya kazi na huwadhoofisha samaki. Bwawa likiwa kavu, nyunyiza chokaa ya kilimo chini na kwenye kingo, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita za mraba 100. Bwawa letu la mfano litahitaji kilo 20 hadi 30. Subiri wiki moja hadi mbili ndipo uweke samadi, kwani vikikutana mapema chokaa hupoteza naitrojeni iliyomo kwenye samadi.

Kazi ya pili ni maji. Funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kuingizia, kwani kambare akipenya akiwa mdogo, atanenepa kwa vifaranga vyako. Simika kijiti chenye alama uone maji yanashuka kiasi gani. Jua hupunguza kidogo, lakini yakishuka sana kila siku, bwawa linavuja. Shindilia udongo wa mfinyanzi sasa, wakati hakuna samaki wa kuhamisha. Maji ya bomba yenye klorini yaache siku kadhaa kwanza.

Kazi ya tatu ni samadi. Jaza samadi kavu ya kuku au ng'ombe kwenye gunia lenye matundu, lifunge kwenye kona ya bwawa na kulitikisa kila siku. Virutubisho vikitoka huotesha mimea midogo sana inayogeuza maji kuwa ya kijani. Mimea hiyo ni chakula cha sato na perege, na mchana hutoa hewa ya oksijeni. Jua likiwepo, kijani huonekana ndani ya wiki moja hadi mbili.

Kipimo chake hakinunuliwi dukani. Zamisha mkono ulionyooka. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, bwawa liko tayari. Kikionekana bado, ongeza samadi. Kikipotea mapema, toa gunia na uongeze maji, kwa sababu mbolea ikizidi oksijeni huisha usiku na alfajiri utakuta samaki wanahema juu ya maji. Ila usidanganywe na tope, rangi iwe ya kijani.

Vifaranga walete asubuhi au jioni. Eleza mfuko bwawani kwa dakika 15 hadi 30 ili joto lilingane, tia maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha uuinamishe watoke wenyewe.

Kwa hiyo mfugaji mwenzangu, fedha za vifaranga zikae mfukoni hadi kiwiko chako kikuruhusu.