Nyayo Zinaanzia Zizini

Sogeeni hapa kwenye mkeka mnitazame macho. Msione haya. Ni mekundu, sivyo? Yalianza kuwa hivi tangu mama zenu wakiwa wadogo. Kuni zilipoadimika huku Magu tukaanza kupikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wa mavi ya ng'ombe hauna adabu. Bibi wa rika langu ambaye macho yake yamebaki meupe, ujue alikuwa na wakwe wa kumpikia.

Mnajua pia, ingawa mnajifanya hamjui, kwamba huku kwetu Usukumani wako vikongwe waliokatwa mapanga usiku kwa ajili ya macho kama haya. Mtoto kafa, au ng'ombe wamepukutika. Mtu anakwenda kupiga ramli, na ramli inamwangukia ajuza anayeishi peke yake pembeni ya kijiji. Ukiuliza ushahidi, unaambiwa mtazame macho.

Nilifundisha historia miaka mingi, ndiyo maana hata hadithi ya sungura na fisi kwangu haiishi bila tarehe. Leo nawasimulia habari za majasusi. Jasusi ni mtu anayeiba siri za nchi na kumpelekea adui. Naona mmekaa vizuri sasa! Lakini kabla ya majasusi, tuanze na ng'ombe.

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, bunduki zilizagaa na wizi wa mifugo ukazidi. Miaka michache baadaye Wasukuma na Wanyamwezi wakaunda sungusungu. Ng'ombe wakiibwa usiku, mwano, yaani ukelele wa hatari, unapigwa, kijiji kinaitikia, na wanaume wanatoka na pinde. Babu yenu alikuwa hodari wa kusoma nyayo. Alikuwa akiinama penye zizi lililovunjwa, hapo hapo palipo na tundu, na kuanza kufuata kwato. Zinapokwenda, naye anakwenda. Huenda zikaishia kwa Mtaturu, mfugaji wa kabila jingine, huenda zikaishia kwa shemeji yako. Aliwahi kuniambia kuwa siku moja ziliishia kwa mtu aliyekuwa akipiga mwano kwa sauti kuliko wote.

Kuna njia nyingine, nayo haichoshi miguu. Hupiti zizini kabisa. Unakwenda moja kwa moja kwa yule Mtaturu, unasimama mlangoni kwake, unatazama chini. Hivi kuna mfugaji ambaye mlangoni kwake hakuna kwato za ng'ombe? Utazikuta tu. Na usipozikuta utasema, "Ehe! Mjanja huyu, kazifuta."

Sasa twende Paris, mwaka 1894. Mama mmoja mfagiaji katika ubalozi wa Ujerumani alikuwa na kazi ya pili. Karatasi zilizochanwa na kutupwa kapuni alizikusanya na kuwapelekea watu wa upelelezi wa Ufaransa. Siku moja ikapatikana barua isiyo na sahihi. Mwandishi alikuwa akiorodhesha siri za jeshi la Ufaransa alizotaka kuwapa Wajerumani. Kwa hiyo mwizi alikuwepo kweli, na barua ile ndiyo iliyokuwa zizi lao.

Wakubwa wa jeshi hawakuinama kusoma nyayo. Walichukua orodha ya maofisa, wakateremsha kidole jina moja moja, mpaka kikasimama kwenye la Alfred Dreyfus. Alikuwa kapteni, Myahudi, mtu wa Alsace, jimbo ambalo Wajerumani walikuwa wamelichukua mwaka 1871. Kwao hiyo ilitosha. Walipopekua nyumba yake na kukosa kitu, wakasema ameficha vizuri. Hati yake ya mkono ilifanana kidogo na ile ya barua, na ilitofautiana pia. Bertillon, bingwa wa kutambua wahalifu aliyesifika Ulaya nzima, akaeleza kwamba palipotofautiana ni Dreyfus mwenyewe aliyeigiza kwa makusudi ili wasimjue. Mnaona? Zikifanana ni yeye, zisipofanana ni yeye zaidi. Mtu wa namna hiyo atajitetea vipi?

Mahakama ya kijeshi ilikaa faraghani. Majaji walipewa kwa siri bahasha ya nyaraka ambazo mtuhumiwa na wakili wake hawakuonyeshwa. Wakamtia hatiani. Januari 1895 alisimamishwa uwanjani, vyeo vikang'olewa kwenye sare yake, upanga wake ukavunjwa, na nje ya uzio umati ukapiga kelele dhidi ya Wayahudi. Alipelekwa Kisiwa cha Shetani, karibu na pwani ya Guyana, akakaa huko zaidi ya miaka 4.

Ninayempenda katika kisa hiki si Dreyfus, ni Picquart. Mwaka 1895 ofisa huyu alikabidhiwa idara ya upelelezi. Katika makaratasi yaliyotoka kwenye ubalozi ule ule akakutana na jina la ofisa mwingine, Esterhazy. Akatafuta barua za Esterhazy, akazilinganisha na ile ya 1894, hati ikawa moja. Sasa sikilizeni. Picquart mwenyewe hakuwa rafiki wa Wayahudi, alikuwa na dharau zile zile za wenzake. Lakini alipoona nyayo zinatoka zizini na kwenda upande mwingine, alizifuata. Wakubwa wakamhamishia Tunisia ili anyamaze, na baadaye wakamfunga. Msaidizi wake, Henry, alighushi barua ili Dreyfus aendelee kuonekana mwovu. Esterhazy alishtakiwa, akaachiwa huru, kisha akakimbilia Uingereza. Dreyfus hakusafishwa jina hadi 1906.

Hesabuni wenyewe: 1894 hadi 1906. Na mwizi halisi alikwishapona. Fisi alikuwa bado zizini wakati kijiji kizima kimezingira nyumba ya ajuza.

"Lakini bibi, hao ni Wazungu," mmoja wenu ananiambia. Haya, tuvuke ziwa. Kutoka kwenye ghuba yetu hii ya Speke, ukivuka hadi Bukoba na kushika njia ya magharibi, utaufikia mto Kagera. Ng'ambo yake ni Rwanda.

Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF waliingia Rwanda kutokea Uganda. Wengi wao walikuwa watoto wa wakimbizi wa Kitutsi, waliokulia ugenini. Serikali yoyote ikivamiwa itajihami, siwadanganyi. Ila usiku wa kuamkia tarehe 5 risasi zililia Kigali hadi alfajiri, na serikali ikatangaza kwamba adui ameingia mjini. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba zilipigwa na askari wa serikali yenyewe. Kwa kisingizio hicho watu walianza kuzolewa majumbani. Waliitwa ibyitso, yaani wasaidizi wa adui. Watetezi wa haki za binadamu walikadiria kuwa waliokamatwa walikaribia 13,000. Wengi waliwekwa katika uwanja wa mpira wa Nyamirambo. Walikuwemo Wahutu walioipinga serikali, lakini wengi walikuwa Watutsi: walimu, wafanyabiashara, mapadri, wanafunzi.

Waziri wa sheria alieleza kwamba shambulio kubwa namna ile lisingewezekana bila watu wa ndani, na kwamba wa kuaminiwa zaidi kwa kazi hiyo ni wale wa kabila moja na washambuliaji. Waziri wa sheria, jamani! Kazi yake ni kuwauliza askari nyayo ziko wapi, naye anawaonyesha mlango.

Kuujua mlango kulikuwa kazi rahisi. Tangu miaka ya 1930 Wabelgiji walikuwa wamegawa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na serikali huru iliviendeleza. Mtu alikuwa anatembea na ramli mfukoni.

Waliopandishwa mahakamani walikuwa wachache sana. Waliosalia walikaa miezi bila shtaka, wakapigwa, wengine wakafa, na kufikia Aprili 1991 wafungwa walikuwa wameachiwa. Lakini neno ibyitso halikuachiwa. Lilibaki mtaani na redioni, na mwaka 1994 watu waliuawa vizuizini kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kitambulisho. Kagera ikabeba miili hadi ziwani kwetu, na wanakijiji wa upande wa Uganda wakaizika kwa maelfu. Mengine nitawasimulia mkikua.

Kenya nako wana kisa, nacho ni cha gunia. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji wa Nairobi wakiwatafuta Mau Mau. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na watu wengine, wakapangwa foleni. Mbele yao alikaa mtu aliyevikwa gunia kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa, umekwisha. Haulizwi alikuona wapi wala lini, na wewe hujui kama ni jirani unayemdai au mpwa uliyemnyima mahari. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kizuizini katika operesheni hiyo. Nilipokuwa nafundisha, nilikuwa namvika mwanafunzi mfuko wa michembe kichwani, nawaambia wenzake wapite mbele yake. Darasa lote lilikuwa linacheka kwa dakika moja hivi, halafu linaacha kucheka.

Msiniulize kama majasusi wapo. Wapo, Esterhazy alikuwa jasusi kweli. RPF nao walikuwa na watu wao ndani ya Rwanda. Sidai kwamba mkamate mtu kwa huruma, wala kwamba muwapende Wataturu. Babu yenu hakuwapenda hata kidogo, mjomba wake aliuawa katika vita vya ng'ombe. Lakini asubuhi ya wizi alianzia zizini.

Wala msijipige kifua kwa kuwa ni Watanzania. Mwaka 2001 serikali yetu ilitangaza kwamba mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mbunge hapa hapa nchini, si raia, kwa hoja ya asili ya wazazi wake. Wengine watatu walitangazwa pamoja naye, na mmoja wao alikuwa balozi wetu Nigeria! Ulimwengu hakuitwa jasusi, na baadaye aliomba uraia akapewa. Lakini magazeti yake yalikuwa yakiwakera wakubwa, na watu wengi waliona kwamba hilo ndilo lililoanza, asili ikafuata. Mlango kwanza, nyayo baadaye.

Nilipofika hapa jana katika kuwasimulia wajukuu wangu, mmoja wao, yule anayependa kubisha, alinitaka kitambulisho changu. Nikakifungua kutoka kwenye pindo la kanga, wakakizunguka kama siafu. Wakasoma majina, tarehe ya kuzaliwa, jinsi. Wakakigeuza nyuma. Kabila hawakuliona. Nikataka kujisifu kidogo, nikasema mnaona, kwetu haliandikwi.

Akakishika tena, akakisogeza karibu na taa.

"Lakini bibi," akasema, "jina lako lenyewe ni la Kisukuma."