Waokota Mawe wa Unyanyembe

Mtoto wa kike anayetafuta jiwe la kurushia kwenye mdako ni mchaguzi mgumu kuliko sonara. Hulipima kiganjani, hulirusha, hulidaka. Likiwa zito linamchelewesha, likiwa na kona linamchubua, likiwa laini litapasuka mchezo haujaisha. Katika mitaa ya Cheyo, mjini Tabora, mvua ikishakatika mifereji huacha changarawe iliyooshwa vizuri, na hapo ndipo uchaguzi hufanyika. Mara nyingi jiwe linaloshinda ni jeupe, gumu na la mviringo. Hilo ni kwatzi, na ushindi wake haukuanzia kwenye mdako.

Tabora imekaa juu ya itale, mwamba ambao wengine huuita graniti. Ni sehemu ya kiini kikongwe cha bara, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kinachoshika sehemu kubwa ya katikati na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Itale hiyo iliganda polepole sana chini ya ardhi, ndiyo maana chembe zake zilipata nafasi ya kukua na leo zinaonekana bila darubini. Ukivunja kipande, chembe ya kijivu inayopitisha mwanga ni kwatzi; nyeupe au ya waridi ni feldispa; nyeusi inayobanduka tabaka kwa tabaka ni ulanga. Kisha kazi ya jua na mvua huanza. Feldispa huoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, maji yakausomba hadi mabondeni, kwenye mbuga zenye majaruba ya mpunga. Kwatzi haiozi. Hubaki mlimani ikiwa mchanga na changarawe, na ulanga ukimetameta katikati yake kiasi cha kumfanya mgeni aanze kuhesabu utajiri.

Wanaogonga kokoto kwa nyundo wanalijua jambo hili kwa masikio. Jiwe zima hulia; lililooza hutoa mlio mfu, na ukilipiga mara mbili linamwagika mchanga. Hakuna maabara inayohitajika kwa hilo.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, hadi Ujiji ilipitisha pembe, vitambaa, watumwa, wamisionari na wapelelezi, lakini ilipitisha pia mtu aliyesomea mawe. Joseph Thomson, Mskoti aliyesoma jiolojia Edinburgh, aliajiriwa kuwa mwanajiolojia wa msafara wa Keith Johnston. Johnston alifariki Behobeho katikati ya mwaka 1879, na kijana huyo wa miaka 21 akajikuta kiongozi. Mnyapara wake alikuwa Chuma, yule yule ambaye pamoja na Susi aliusindikiza mwili wa mpelelezi Livingstone kutoka bara hadi pwani na kupita hapa Unyanyembe mwaka 1873. Thomson alifika maziwa ya Nyasa na Tanganyika, kisha akarudi pwani mwaka 1880 kwa njia ya Unyanyembe.

Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, aliposikia kuna mtu anayejua mawe, hakumwacha aende zake. Mwaka 1881 alimtuma mto Ruvuma kuangalia makaa ya mawe yaliyosemekana kuwa kule. Thomson akaenda, akachunguza, akarudi na jibu ambalo mwajiri yeyote hulichukia: si makaa, ni mwamba tabaka mweusi wenye lami kidogo. Sultani hakufurahi. Kwa haki, jiwe lilikuwa limesema ukweli. Aliyeumia ni aliyekwisha kupiga hesabu.

Jiwe la kujivunia kuliko yote mkoani Tabora, hata hivyo, si la hadithi ya Thomson. Liko magharibi ya mji, upande wa Urambo na Kaliua, kwenye vilima vitatu vidogo vya Igwisi. Anayepita kwa haraka ataona vichuguu vikubwa vyenye miti tu. Kumbe ni volkano, na si volkano za kawaida: ni za kimbalaiti, mwamba ule ule unaobeba almasi kule Mwadui, Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aligundua mgodi wake mwaka 1940.

Kimbalaiti hutoka chini sana, zaidi ya kilomita 100, na hupanda kwa kasi. Nyingi duniani zililipuka makumi au mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Tangu hapo mvua na upepo vimekwisha kuzikwangua vichwa, yakabaki mashimo ya chini tu, yale ambayo wachimbaji huyafuata. Kwa hiyo wanasayansi walijua shina la volkano hizi bila kuujua uso wake. Igwisi uso ungalipo: kuna majivu yaliyoshikamana, kuna kingo za kreta, kuna hata lava iliyotiririka. Ndani ya lava hiyo zimo punje za kijani zilizoviringwa, baadhi kubwa za kuonekana kwa jicho. Ni olivini, madini ya tumbo la dunia, yaliyosuguana njiani hadi kona zikaisha.

Mwaka 2012 Richard Brown na wenzake walichapisha umri wa vilima hivyo. Walitumia hila nzuri. Miale kutoka angani hulipiga jiwe lililo wazi na kuzalisha ndani yake heliamu ya aina ya pekee, kidogo kidogo. Ukipima heliamu hiyo kwenye olivini, unajua jiwe limekaa wazi muda gani. Jibu lilikuwa takriban miaka 12,000, pamoja na nafasi ya kukosea ya miaka elfu kadhaa. Hakuna volkano ya kimbalaiti inayojulikana duniani iliyo changa kuliko hizo. Watu walikuwa tayari wanaishi Afrika Mashariki wakati zinalipuka.

Mkoa unaojulikana kwa asali, tumbaku na maembe una haki ya kuliongeza hilo kwenye orodha.

Kuna wanaookota mawe kwa tamaa, na hawastahili kuchekwa. Nzega, kwenye mkoa huu huu, ilikuwa na mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, wa kwanza mkubwa wa kisasa kufunguliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1990, na wachimbaji wadogo wamo maeneo hayo hadi leo. Mwokotaji akiona mng'ao wa manjano, asubiri kwanza kuwaita ndugu. Achukue kigae, alisugue jiwe upande usiong'arishwa. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Pairiti, inayowadanganya wengi, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Akigonga taratibu, dhahabu hubonyea, pairiti husambaratika. Ulanga hata hauhitaji kigae: ukucha unaubandua. Kwatzi nayo hukwaruza kioo cha chupa, wakati chokaa haiwezi. Yale matonge meupe ya chokaa yanayopatikana kwenye udongo mweusi wa mbuga yakidondoshewa maji ya ndimu hutoa povu, na watoto hulipenda jaribio hilo kuliko yote.

Kitu kimoja wengi hukisahau: kuandika mahali. Karatasi ndogo yenye jina la kijiji, kilima na tarehe, ikafungwa pamoja na jiwe, ina faida kwa mtaalamu kuliko uzuri wa jiwe lenyewe. Kabla ya kuligeuza jiwe porini, ligeuzwe kwa fimbo, maana nge hupenda kivuli cha chini yake. Na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iko wazi kwamba madini yote nchini ni mali ya umma; kuchimba na kuuza kunahitaji leseni, hata kama shimo liko nyuma ya nyumba.

Mwenye jiwe lililomshinda anaweza kulipeleka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, jijini Dodoma. Treni ya Reli ya Kati kutoka Tabora inapita huko.